Jerusha Kiende Nyaga na Mayai Yaliyorudisha Maziwa Kianjai

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa hapa Embu, jamaa mliotoka Kianjai alfajiri na mapema, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha mashamba na maduka yenu kuja kusimama nasi, familia inawasalimu kwa jina la Bwana na kuwaambia asanteni, kwa maana mtu hujua thamani ya jirani siku anapolemewa. Kazi ya kusoma historia hii amepewa Mbaabu, kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa marehemu, mwalimu pale Kaaga, si kwa sababu anajua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza asomewe na mtu ambaye hatamfanya malaika, akaongeza kwamba malaika hawanuki kuku.

Marehemu Jerusha Kiende alizaliwa tarehe 12 Agosti 1962, karibu na soko la Kianjai, Tigania, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kaberia na Mama Celina, ambaye yuko nasi hapa mbele, amejifunga kitambaa cha buluu. Kifungua mimba ni Murithi, aliyefuata Kiende ni marehemu Kathure, na wa mwisho ni huyu anayesoma. Mama anasema Kiende alilia siku ya kwanza kwa sauti ya mtu anayeuliza swali, na kwamba kutoka siku hiyo hakuwahi kupumzika kuuliza, hata mchungaji aliyembatiza watu walimwonea huruma.

Kabla ya kufika kwenye masomo yake, familia inaomba iseme jambo ambalo halikusemwa katika nyumba yetu kwa miaka mingi, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa maisha ya marehemu. Mwaka wa 1971 Mzee Kaberia alikuwa na ng'ombe mwekundu, mnono, anayeng'aa, ambaye watu walikuwa wakikatiza njia kuja kumtazama, na Kathure, aliyekuwa na miaka minne, alipoanza kudhoofika, mama alifanya lile ambalo mama yeyote angelifanya, akawa anamkamulia maziwa asubuhi na jioni na kumpa yangali na joto la kiwele, huku Kiende, mwenye miaka minane, akimshikia mdogo wake kikombe. Shingo ya mtoto ilivimba, homa ikapanda kichwani, na tarehe 17 Juni 1971 Kathure akafariki hospitalini, na daktari, ambaye hakuwa na nia mbaya, akawaambia wazazi kwamba ni kifua kikuu cha ng'ombe na kwamba kiliingia kwa maziwa.

Mzee Kaberia alimwondoa yule ng'ombe wiki hiyo hiyo, na tangu wakati huo maziwa hayakuingia tena katika nyumba ya Celina. Mgeni wa hadhi yoyote, hata mchungaji, alipewa chai ya rangi, na watu walizungumza, maana mnajua nyumba ya Mmeru inayomkaribisha mgeni kwa chai isiyo na maziwa inavyosemwa sokoni. Mbaabu, aliyezaliwa mwaka uliofuata, alilelewa kwa uji wa wimbi na chai ya rangi, na wale wanaomcheka kwa ufupi wake sasa wamejua sababu. Mama hakumlaumu ng'ombe wala daktari, alijilaumu mwenyewe, akiamini kwamba mama mwenye macho angeona, na Kiende, ambaye alikuwa ameshika kikombe, alikua na neno moja moyoni, kwamba lazima iwepo njia ya kujua kabla.

Alisomea shule ya msingi ya Kianjai kuanzia 1969 hadi 1975, akapita vizuri na kuitwa shule ya wasichana ya Kaaga, ambako alikaa kuanzia 1976 hadi 1981, kidato cha kwanza hadi cha sita, na walimu wake waliosalia wanamkumbuka kama msichana aliyepasua chura mara mbili, mara ya kwanza kwa mtihani na mara ya pili kwa sababu hakuwa ameridhika. Mwaka wa 1982 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea baiokemia, chuo kikafungwa kwa muda na masomo yakakatizwa kama wengi wa rika lake wanavyokumbuka, akahitimu mwaka wa 1986, na tarehe 2 Machi 1987 akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa mifugo hapa Embu, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu.

Huko kazini ndiko alikokutana na Bwana Nyaga, mwana wa Mzee Mbogo na Mama Wambeti, fundi wa friji aliyeitwa kurekebisha friji ya maabara, na Bwana Nyaga mwenyewe ametupa ruhusa tuseme kwamba friji ile ilirekebishwa siku ya kwanza, zile safari nyingine zilikuwa za mambo yake. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Agosti 1990, wakaanza maisha mtaani Dallas hapa hapa Embu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Wambeti aliyezaliwa 1991, Mbogo aliyezaliwa 1995, na Kathure aliyezaliwa 1998. Katika mahari alikuwamo mtamba mzuri, ambaye Mzee Kaberia alimpokea kwa heshima zote na jioni hiyo hiyo akampeleka kufugwa kwa ndugu yake Muthamia, kwa sababu mama alisema hataki kiwele katika boma lake, na wakwe zetu, kwa adabu yao ya Kiembu, hawakuuliza.

Sasa, tangu juzi watu wengi wamekuwa wakiuliza pembeni marehemu alikuwa daktari wa nini hasa, kwa hivyo familia imejaribu kueleza kama yeye alivyokuwa akitueleza. Mwizi akiingia boma moja, anayemwona hupiga nduru, na nduru hiyo ndiyo inayowaamsha wengine, na ndani ya mwili ni vivyo hivyo, chembe za damu ya ng'ombe zilizowahi kukutana na viini vya kifua kikuu, zikikutana navyo tena, hutoa protini inayoitwa intaferoni, ambayo ndiyo nduru yenyewe, na hutolewa wakati ng'ombe bado anakula, bado ananenepa, bado hajakohoa. Shida ni kwamba nduru hiyo haisikiki kwa sikio wala haionekani kwa jicho, ni lazima inaswe na kitu kinachoitwa kingamwili, nayo kingamwili hupatikana kwa kumdunga mnyama mwingine ile protini, kidogo kidogo, mpaka mwili wake uitambue kama adui na kujifunza kuishika. Alianza na sungura, sungura wakanenepa lakini kingamwili zao zikawa hafifu, ndipo akageukia kuku, akisema kwamba kuku yuko mbali na ng'ombe kiukoo, kwa hivyo humshtukia zaidi, na tena hahitaji kutolewa damu, maana yeye mwenyewe huziweka kingamwili zake ndani ya kiini cha yai ili zimlinde kifaranga.

Protini safi aliyotumia ilikuwa katika chupa ndogo sana, imetumwa na watafiti wa ng'ambo, ambao waliandika wazi kwamba mradi wao umefungwa na nyingine haitakuja. Kiende aliitumia yote kwa kuku sita, na kwa kuwa banda la maabara lilikuwa limebomolewa lijengwe upya, wakubwa wake walimruhusu kuwafuga nyuma ya nyumba yake Dallas, majirani wakawa wanamwita daktari wa kuku, na yeye akawa anaitika. Mnamo Oktoba 1993 alipima kiini cha yai la kwanza, na kingamwili ilishika ile intaferoni barabara, mbele ya mkubwa wake na wafanyakazi wenzake, na usiku huo Bwana Nyaga anasema mkewe hakula chakula, alikaa tu akitabasamu kwa ukuta. Akaanza kuyakusanya mayai katika kikapu, kila moja na tarehe yake kwa penseli, akisubiri kwenda Nairobi kujifunza namna bora ya kuitoa kingamwili kwenye kiini bila kuiharibu.

Desemba hiyo alienda kwenye mafunzo hayo, akamwacha mtoto na kuku mikononi mwa mama mkwe wake, Mama Wambeti, ambaye tunamshukuru Mungu kwamba yuko hapa na kwamba amekubali jambo hili lisemwe, hata anacheka. Kiende alikuwa amemweleza vizuri kwamba mayai yale hayaliwi, na Mama Wambeti ni mtu wa neno lake, hakula hata moja, wala hakumpa mtu yeyote wa nyumba, lakini hakuna aliyekuwa amemkataza kuyatoa zawadi. Krismasi ilipokaribia aliamua kwenda Kianjai kuwaona wakwe zake, na mwanamke wa Embu hawezi kuingia kwa wakwe mikono mitupu, akatazama huku na huku, akaona kikapu kimejaa mayai mazuri makubwa ambayo nyumba hii imekataa kula, akayapanga ndani ya kiondo, akayafunika kwa maganda ya maharagwe, akaenda nayo hadi Kianjai bila kuvunja hata moja.

Alipokuwa huko, kideri kilipita Dallas. Kuku wa mtaa mzima walikufa, na wale sita walikuwa miongoni mwao, na Kiende aliporudi tarehe 8 Januari 1994 alikuta banda tupu, kisha akaingia stoo na kukuta kikapu kitupu, na mama mkwe wake, kwa furaha kabisa, akamweleza jinsi mama yake mzazi alivyopokea zawadi. Kuku hawakuwapo, protini haikuwapo, na mayai yalikuwa yamekaa wiki mbili katika nyumba yenye watu, Krismasi na Mwaka Mpya vimepita, na ni nani asiyejua mayai huenda wapi Krismasi. Mama Wambeti anasema binti huyu hakumfokea, alikaa tu kwenye kiti cha jikoni, akasema, "Mama, hakuna neno," na kwamba hilo neno lilimuuma kuliko kelele, akamwambia mwanawe awashe pikapu.

Bwana Nyaga na Kiende walifika Kianjai kesho yake baada ya ibada, wakiwa na kasha la barafu ambalo Bwana Nyaga alilibeba bila matumaini, na Kiende akamuuliza mama kuhusu mayai kwa sauti ndogo ya mtu anayejua jibu. Mama aliona haya. Katika nyumba ya Mzee Kaberia ilikuwa desturi kwamba zawadi ya chakula ikitoka kwa wakwe haiguswi na mtu mmoja, huliwa na akina mama wote wa ukoo wakiwa wamekaa pamoja, ili asiwepo wa kusema amepitwa, na shangazi mkubwa alikuwa ameteguka mguu tangu kabla ya Krismasi hawezi kutembea, kwa hivyo mama alikuwa ameyafukia mayai yote kwenye jivu baridi ndani ya ghala, na sasa alikuwa akiomba radhi kwamba zawadi ya mama mkwe haijaliwa bado. Familia inaushukuru mguu wa shangazi yetu, Mungu amrehemu, kwa maana hakuna mguu uliofanya kazi ya sayansi katika Tigania kama ule.

Hapo ndipo Kiende alipomweleza mama, kwa mara ya kwanza, kazi yake yote ilikuwa ya nini, kwamba kuku wale walifundishwa kushika nduru ya damu ya ng'ombe mgonjwa, ili mtu ajue kabla ya kukamua, na akalitaja jina la Kathure, ambalo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile tangu mazishi. Mama akasema, "Chukua yote, Kiende. Lakini wamama nitawaambia nini?" Na Kiende, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema yeye anahitaji kiini tu. Jioni hiyo shangazi aliletwa kwa mkokoteni, akina mama wa ukoo wakaketi, Kiende na mama wakayavunja mayai moja moja, kiini kikaenda kwenye kasha la barafu, ute ukaenda kikaangoni na kitunguu na chumvi, na zawadi ya wakwe ikaliwa kwa heshima yake, nyeupe tupu, ingawa mmoja wa akina mama hao, mama yake Mbae, alilalamika kwamba amekula kwa wakwe wengi lakini hajawahi kupewa yai lililong'olewa moyo.

Kutokana na viini vile alitoa kingamwili safi iliyojaza vichupa vingi, akaigandisha katika friji ambayo Bwana Nyaga aliilinda kama mtu anayelinda mtoto mchanga, stima ikipotea yeye yuko njiani na jenereta, na kufikia mwaka wa 1996 kipimo kilikuwa tayari, kikaanza kutumika kwa vikundi vya wafugaji vya huku Embu na kwetu Meru. Ng'ombe wengi wagonjwa waligunduliwa na kuondolewa kabla ya kukohoa, na watoto ambao hawakuugua hatuwezi kuwataja, kwa sababu hawajui, wengine labda wameketi hapa wakiangalia saa.

Lakini mama bado alikunywa chai ya rangi. Kiende alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba maziwa yakichemshwa hayana shida, mama akasikiliza na kutikisa kichwa na kuweka majani kwenye maji matupu, kwa sababu lililomzuia halikuwa kwenye sufuria. Mwezi wa Aprili 1997 Kiende alimwomba aje Embu, akatoa damu ya ng'ombe wa mahari aliyekuwa kwa Muthamia, akaipima pamoja na damu ya ng'ombe mwingine wa mkulima wa karibu, mnono, mwenye tuzo ya maonyesho, na asubuhi ya Ijumaa tarehe 18 akamwingiza mama maabara, akamvisha koti jeupe lililomfika miguuni, akamwonyesha sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo. Safu ya ng'ombe wa mahari ilikuwa angavu kama maji, na safu ya yule mwenye tuzo ilikuwa manjano, rangi ya nduru iliyonaswa. Mama aliomba kuonyeshwa ng'ombe wenyewe kwenye picha, akatazama picha, akatazama sahani, akarudia.

"Huyu mnono ndiye mgonjwa?" akauliza.

Kiende akamwambia ndiye, na kwamba hakohoi, na anakula vizuri, na hata daktari wa mifugo aliyemkagua hakuona kitu.

"Basi mimi ningejuaje?" mama akasema.

Kiende akamwambia, "Usingeweza kujua, mama. Hakuna mtu angejua."

Mama Celina alilia pale maabara, akiwa amevaa koti jeupe, kwa ajili ya mtoto aliyemzika miaka ishirini na sita nyuma, na Kiende alilia naye, na wenzake walitoka nje wakawaacha, jambo ambalo familia haijasahau. Jioni hiyo huko Dallas mama alimwomba Mama Wambeti chai, na akasema iwe ya maziwa. Ng'ombe wa mahari aliletwa Kianjai mwezi uliofuata, na mtoto wa tatu wa marehemu alipozaliwa, ambaye kwa desturi angeitwa Celina, mama mwenyewe aliomba aitwe Kathure.

Marehemu alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1999, akaendelea kutengeneza kingamwili za kupima protini nyingine za kinga kwa ng'ombe na mbuzi, akawafundisha vijana wengi, ambao wanajua ukali wake juu ya vyombo vichafu, na alistaafu tarehe 12 Agosti 2022, siku aliyotimiza miaka sitini. Tayari alikuwa mgonjwa, maana Machi 2021 alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa hapa Embu, Meru na Nairobi, na kila aliyemtoa damu ilibidi ajibu maswali kwanza. Desemba 2022 madaktari walimruhusu kurudi nyumbani, na mama akatoka Kianjai, akaja kukaa naye Dallas. Chakula kilipokataa kupita, mama alichukua maziwa, akayachemsha, akayapoza, akamnywesha kwa kijiko, asubuhi na jioni. Asubuhi ya Jumatano tarehe 8 Februari 2023 Kiende alishika kikombe kwa mikono yake mwenyewe, akanywa kidogo, akamrudishia mama, akamwambia, "Asante, yametosha," na saa tano akalala usingizi ambao hakuamka.

Ameacha mume wake, Bwana Nyaga, watoto watatu, mjukuu mmoja, mama wazazi wawili, yaani aliyemzaa na aliyempokea, na ndugu wawili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, tunawashukuru wafanyakazi wenzake ambao wametuambia kwamba vichupa vya mwisho vya mayai ya Kianjai bado vimo ndani ya friji na bado vinashika, tunawashukuru majirani wa Dallas waliovumilia jogoo na harufu, tunawashukuru wachungaji, na tunamshukuru Mama Wambeti kwa kutokwenda kwa wakwe mikono mitupu. Zaidi ya wote tunamshukuru Mungu aliyetupa mtu wa kuuliza maswali na akampa muda wa kujibiwa moja.

Baada ya kaburi kufunikwa, tafadhali asiondoke mtu. Madumu mliyoyaona yakishushwa asubuhi yametoka Kianjai, ni maziwa ya kitukuu cha ng'ombe wa mahari, aliyepimwa, na mama amesimamia mwenyewe masufuria tangu kulipokucha, na amesema atakayeomba chai ya rangi atamjibu yeye.

Kiende wetu, pumzika kwa amani, kikombe tumekipokea. Mama ameshakunywa chai yake asubuhi ya leo, na ilikuwa ya maziwa.